Mikono Miwili Usukanini

Pijo ya Mzee Khalfani ilikuwa na tundu kifuani. Pale kwenye dashibodi ambapo magari ya wenzake yana redio, yake ilikuwa na uwazi wa mstatili, na ndani ya uwazi ule mkewe, Bi Hamisa, aliweka ndimu mbili, kiberiti na tasbihi ya akiba. Gari hilo zamani lilikuwa la shirika alikofanya kazi ya udereva tangu ujanani. Shirika lilipopunguza watu, wakubwa wakajichukulia magari yanayotembea, na Khalfani akaruhusiwa kununua Pijo 404 iliyokuwa imelala juu ya mawe nyuma ya karakana, rangi yake kama maziwa yaliyoanza kuganda. Aliifufua mwenyewe, kipande kwa kipande. Redio tu ndiyo hakuikuta. Kuna mkono ulimtangulia.

Lakini mtu asidhani kwamba mzee yule aliendesha bila redio. Hata kidogo! Alikuwa na kiredio cha betri mbili, kimevishwa mfuko wa ngozi wenye vitundu kama chujio la chai. Ikifika saa ya matangazo ya vifo, awe nyumbani Kipawa au awe barabarani na abiria, alikitoa mfukoni akakibandika sikioni kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukabaki peke yake na usukani. Gia ikitakiwa, kiredio kilihamia begani akakibana kwa shavu, shingo imepinda kama kuku aliyesikia mwewe, huku mkono ukitafuta gia. Abiria waliosoma dua walisoma, waliocheka walicheka.

Bi Hamisa hakucheka. Yeye alijua asili ya jambo lile.

Miaka ya nyuma, Khalfani akiwa safarini Dodoma na bosi wake, kaka yake Jaffar alifariki kijijini kwao Maneromango. Simu kijijini hakuna, wala Kipawa wakati ule hakuna, ila ya kuomba kwa mwenye duka. Basi ndugu wakafanya kama watu wote wanavyofanya, wakapeleka tangazo redioni. Jina la Khalfani likasomwa, likarudiwa, habari zimfikie popote alipo, naye yupo njiani ndani ya gari lililozimwa redio kwa sababu bosi alikuwa amesinzia. Alipofika Maneromango alikuta udongo wa kaburi umeshakauka juu. Binamu yao, Bakari Pazi, ndiye aliyeshuka kaburini mahali pake, akampokea Jaffar upande wa kichwa na kumlaza mwanandani. Bakari hakumlaumu. Alimwambia tu, "Nimemshika kwa niaba yako, ndugu yangu." Neno lile la upole lilimwingia Khalfani kuliko matusi. Tangu siku ile hakuna tangazo la kifo lililompita.

Basi, tuje kwenye mchuzi.

Mwezi wa Mfungo Sita, Mwajabu, binamu yake Bi Hamisa, aliomba kupelekwa Chamazi kwenye maulidi. Alikaa kiti cha nyuma amepakata sufuria ya mchuzi wa papa wa nazi, mfuniko umefungwa kwa kitambaa. Saa ya matangazo ikafika. Kiredio sikioni, mkono mmoja usukanini, mbele yake mbuzi akavuka. Pijo ikaingia mtaroni taratibu, kama mzee anayeketi. Hakuumia mtu, mbuzi naye akaenda zake. Ila mchuzi wote ulimwagikia kwenye buibui jipya la Mwajabu, na Mwajabu ni mtu ambaye akikosewa saa nne, mpaka saa tano mtaa mzima umekwisha kuarifiwa.

"Shemeji," alisema pale pale mtaroni, kipande cha papa kikiwa begani kwake, "siku utakayonipakia tena kwenye jeneza lako hili, mjue nimeshakufa na ndiyo natangazwa!"

Maneno yale yangeisha yenyewe kama si harusi ya Najma. Najma alikuwa mjukuu wa kwanza wa Khalfani na Hamisa, binti wa mwanao Faraji, na tangu akiwa mdogo babu yake alimwita mchumba, na Bi Hamisa akamwita mke mwenza, kama ada ya mababu na wajukuu. Mara ngapi mzee alikuwa amemwahidi, "Siku utakayoniacha ukaolewa na kijana, mie mwenyewe nitakupeleka, nimwone huyo aliyenishinda!" Sasa kijana amepatikana, kwao Mbezi Beach, na siku imepangwa. Na somo wa bibi harusi, yule mwenye kumfunda, kumpamba na kumsindikiza mpaka kwa mumewe, alikuwa nani kama si Mwajabu?

Alikuja na sharti lake akiwa bado hajaketi mkekani.

"Dada, mwanangu hapandi Pijo. Faraji akodi ile gari ya Japani ya jirani yenu. Viti laini, vioo vinapanda vyenyewe."

"Babu yake kamwahidi," Bi Hamisa akasema, akimsogezea kahawa.

"Kaahidi kwa mikono mingapi?" Mwajabu akauliza. "Bibi harusi ana hina, ana maua kichwani, ana udi mwilini. Akiingia mtaroni, tunaanza upya? Shemeji akitaka kumpeleka, nataka niione mikono yake yote miwili kwenye usukani. Mmoja ukitoka, mie nashuka na mwari wangu."

Mzee Khalfani alikuwa barazani, amesikia kila kitu. Alikunja kitambaa chake cha kufutia kioo akakikunjua. Bi Hamisa alimtazama mgongo kupitia mlangoni, akajua kwamba mgongo ule ukiambiwa utazame tu gari la jirani likimchukua Najma, hautanyooka tena. Jioni, wakati wa kuchambua mchele, akasema kama anayewaza mwenyewe:

"Lile tundu la gari tukilitia redio, mkono utakuwa na kazi gani tena?"

Khalfani akaokota chuya moja akaitupa. Kisha akasema, "Ndimu utaweka wapi?"

Hapo mkewe akajua amekubali.

Fundi waliyemwendea alikuwa Temeke, jina lake Fransis, Mnyamwezi wa Tabora, kibanda chake kimejaa redio zilizofumuliwa matumbo. Kwa kuwa Khalfani ni Mzaramo, watu hawa ni watani, na mtani hafungui duka kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo mzee. Leo Mzaramo kaamka kabla ya adhuhuri? Kuna msiba?"

"Marahaba. Nimeamka kuhesabu mizigo. Nasikia nyie mliikimbia bara mkaja na mizigo kichwani mpaka pwani, na sie ndio tuliowatua."

"Mkatutua, mkaikalia, mkapiga ngoma juu yake mpaka leo!"

Walicheka, wakashikana mikono. Bi Hamisa alishika redio mpya aliyoonyeshwa, nyeusi, yenye mdomo wa kumeza kaseti, akaigeuza juu chini.

"Mwanangu, hii haina mwenyewe analia mahali?"

"Imekuja na boksi lake kutoka Dubai, mama. Siku hizi milango imefunguliwa, kila kitu kinaingia. Mwenyewe ni wewe."

Kazi ilianza. Bi Hamisa alivuta kigoda akakaa mahali pa kuonea, maana alipenda kuona kitu kinavyofanyika mwanzo mpaka mwisho. Tundu la Pijo lilikuwa jembamba kwa redio ile, Fransis akalipanua kwa tupa, akipuliza unga wa chuma kila mara. Waya mwekundu ulikwenda kwenye moto wa betri. Mweusi aliubana kwenye bodi kwa bolti, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma king'ae. Spika mbili alizitobolea nafasi kwenye ubao wa nyuma, kule juu ya kiti cha abiria, chini ya kioo, akazifunika kwa wavu. Kisha wakawasha injini, na redio ikalia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Ukikanyaga mafuta nyuki wanapanda, ukiachia wanashuka.

"Ndiyo magari yenu ya zamani haya," Fransis akasema. "Injini nayo inataka kuimba." Akafunga kidude fulani kama kidonge kikubwa karibu na dainamo, na nyuki wakafa.

Hapo sauti ikatoka safi, nene, imejaa gari zima. Na kwa kuwa saa ilikuwa imefika, sauti yenyewe ilikuwa ya mtangazaji wa vifo. Ndugu fulani wa Mkuranga anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mpenzi. Watu waliokuwa wakipita mbele ya kibanda wakasimama. Mmoja akavua kofia. Muuza karanga akasema, "Inna lillahi," akasubiri kusikia kama ni wa kwao.

Khalfani alikuwa usukanini, mikono yote miwili imetulia, uso umekunjuka kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Bi Hamisa alikuwa amejaribu kukaa nyuma, chini ya spika, na sauti ile ilimpita shingoni kama maji ya mtungi. Hapa nilipokaa mie, alijiambia, ndipo atakapokaa Najma. Kiredio kile kilimnong'oneza mzee peke yake. Hii redio inawaambia wote. Na harusi yenyewe mwari anatoka baada ya alasiri, saa hiyo hiyo. Nani ampeleke mwari kwa mumewe huku anasomewa maiti mgongoni?

Hakusema mbele ya fundi. Alisema walipofika nyumbani, baada ya magharibi, wakiwa wawili barazani.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Basi nitaizima siku hiyo," akasema. Lakini vidole vyake vilikuwa vinachezea mfuko wa shati, na Bi Hamisa aliviona. Akasema tena, kwa sauti ya chini, "Mama Faraji, nikiizima sitakuwa naendesha. Nitakuwa nawaza. Bora Mwajabu aite hiyo gari ya jirani."

"Nipe hicho kiredio," mkewe akasema.

"Cha nini?"

"Mie nina masikio mawili na ushungi. Nitakaa mbele, ubavuni kwako. Redio kubwa itapiga kaseti ya kasida, wafurahi. Ndogo nitaitia ndani ya ushungi sikioni, nikusikilizie. Akitajwa wetu, nakugonga goti. Nisipokugonga, endesha."

Khalfani akatoa kiredio na mfuko wake wa ngozi, akakiweka mapajani mwa mkewe kama mtu anayekabidhi mtoto.

Siku ya harusi, ndoa ilifungwa asubuhi, watu wakala pilau, na baada ya alasiri Najma akatolewa ndani amefunikwa, Mwajabu kamshika mkono. Mwajabu alizunguka gari zima kama askari wa barabarani. Akachungulia dirishani kwa dereva.

"Nionyeshe."

Mzee Khalfani akainua mikono yote miwili, akaigeuza kiganja na mgongo, akaishusha usukanini. "Na miguu nikuonyeshe, shemeji?"

"Miguu mwonyeshe mkeo. Twende!"

Pijo ikatoka Kipawa ikiwa imefungwa riboni nyeupe, nyuma yake pikapu ya wapiga tarumbeta. Kasida ilitoka kwenye spika mpya kwa sauti ya kiasi. Najma, chini ya mtandio wake, alisema, "Babu, gari lako limekuwa kijana." Babu akajibu, "Limesikia linaachwa, ndiyo linajipamba." Wakacheka wote, hata Mwajabu, ingawa yeye alicheka huku macho yake yakiwa kwenye ile mikono.

Bi Hamisa naye alicheka, akaitikia kasida, akapiga vigelegele pale palipotakiwa. Kichwa alikiegemeza kidogo upande wa dirisha. Ndani ya ushungi, sikio lake la kushoto lilikuwa msibani. Wa kwanza wa Rufiji, si wetu. Wa pili wa Magomeni, si wetu. Walipita Tazara, wakashika Mandela, mzee akiendesha kama aliyebeba mayai. Kila baada ya muda alimtupia mkewe jicho. Mkewe akatikisa kichwa, kidogo tu. Si wetu.

Wamesimama kwenye taa za Ubungo ndipo aliposikia.

"Ndugu Mwishehe Bakari wa Maneromango, Kisarawe, anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpenzi, Mzee Bakari Pazi, kilichotokea leo asubuhi. Maziko yatafanyika kesho baada ya sala ya adhuhuri. Habari zimfikie Mzee Khalfani Kondo wa Kipawa, Dar es Salaam, popote alipo..."

Mkono wa kulia wa Bi Hamisa ukainuka. Goti la mumewe lilikuwa pale, shibiri moja tu. Kesho, aliwaza. Kesho adhuhuri. Si leo. Akamwona mzee akiambiwa sasa hivi. Akauona mguu ukikanyaga breki, pikapu ya tarumbeta ikija nyuma, uso wa Najma ukiinuka. Akakumbuka pia kwamba alikuwa ameahidi, na kwamba mtu huyu alikuwa amempa sikio lake lote, hakubakiza jingine.

Taa zikawaka kijani. Khalfani akamtazama.

Bi Hamisa akatikisa kichwa. Mkono uliokuwa hewani akaupeleka kwenye ushungi, akaurekebisha, kisha akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote vya safari ile, mpaka Mwajabu akasema, "Dada leo kifua umekitoa wapi?"

Barabara ya Mwenge haikuwa na mwisho siku ile. Aliimba kila mstari wa kasida. Ilipokwisha aliirudisha mwenyewe mwanzo. Maneno yalimtoka mdomoni, na nyuma ya maneno alikuwa anamwona Bakari Pazi na kofia yake ya viua, akila embe bichi kwa chumvi barazani kwao, akisema nimemshika kwa niaba yako.

Mbezi Beach walikuta khanga zimetandikwa kuanzia getini mpaka mlangoni, mwari asikanyage mchanga. Mzee Khalfani alishuka, akamfungulia Najma mlango. Akamwambia kwa sauti ya kusikiwa na wakwe, "Mchumba, huyu kijana akikuchosha, mie bado nipo na gari lina redio." Watu wakavunjika mbavu. Najma akashika mkono wa babu yake akaubusu, kisha akaubusu na wa pili. Mwajabu alipopita ubavuni, akasema bila kumtazama, "Mchuzi nimekusamehe. Buibui bado."

Wakaingia. Tarumbeta zikaingia. Wazee wawili wakabaki na gari, karibu na ukuta wenye maua ya zambarau. Bi Hamisa alitoa kiredio ndani ya ushungi. Kilikuwa kimepata joto la shavu lake.

"Baba Faraji, kaa kwanza."

Mzee akakaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje. Alikwisha kujua, lilibaki jina tu.

"Nani?"

"Kaka Bakari. Leo asubuhi."

Hakulia. Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Akauliza, "Umesikia wapi?"

"Ubungo. Kwenye taa."

"Mbona hukunigonga?"

"Ningekugonga, ungeshika breki katikati ya barabara na mtoto wetu nyuma."

"Ukanitikisia kichwa."

"Nikakutikisia kichwa."

"Na ukaimba."

"Nikaimba."

Alimtazama mkewe, na Bi Hamisa akangoja. Kama angesema umenidanganya, angekubali, maana ndivyo ilivyokuwa. Ndani walikuwa wanapiga vigelegele vya kumkalisha mwari. Mzee akauliza neno moja tu, na aliliuliza kama mtoto:

"Maziko?"

"Kesho. Baada ya adhuhuri."

"Kesho," akasema Khalfani. Akarudia, "Kesho! Basi tunafika."

"Tunafika, baba."

Hapo ndipo alipolia, kidogo, kwa kitambaa chake cha kufutia kioo.

Walitoka Kipawa alfajiri. Riboni Bi Hamisa alizifungua mwenyewe, akazikunja akaziweka ndani ya mkoba. Redio kubwa haikuwashwa, na kiredio kilikuwa mapajani mwake, kimezimwa. Njia ya Maneromango ilikuwa na mchanga, mzee akaiendesha polepole. Walipofika, mwana wa marehemu, Mwishehe, alikuja mbio hata kabla gari halijasimama.

"Shikamoo baba mdogo. Tulisema, akisikia atakuja. Tumekungoja tukuulize nani ashuke kaburini."

Bi Hamisa akaenda kwa wanawake uani. Aliosha mchele, akachambua dagaa, akajibu maswali ya harusi kwa sauti ya chini, maana walitaka kujua mwari alivaa nini. Adhuhuri ikaswaliwa. Jeneza likainuliwa, na akaliona kwa mbali likipita juu ya mabega, na bega la mbele upande wa kulia lilikuwa la mumewe.

Wanaume waliporudi, Khalfani alikuja moja kwa moja mpaka uani, mikono ameinyoosha mbele kama jana yake alipomwonyesha Mwajabu. Udongo mwekundu ulikuwa umemfika viwikoni, kulia na kushoto. Bi Hamisa akachota maji kwa kata, akamwagia.

"Nimemshika upande wa kichwa," mzee akasema.

"Geuza," mkewe akamwambia, akammwagia na upande wa pili.